N-(4-haidroksifenili)asetamidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jina hili hujitokeza kwenye karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, kwenye lebo za chupa za maabara na kwenye mitihani ya kemia. Kwa tahajia ya kimataifa huandikwa N-(4-hydroxyphenyl)acetamide, na wengi wakiliona huliruka. Hapa yamekusanywa maswali yanayorudiwa sana kulihusu, ya mwanafunzi anayetakiwa kuchora molekuli na ya mzazi aliyeshika dawa mbili mkononi asijue kama ni kitu kimoja.

Hiki ni kitu gani hasa?

Ni parasetamoli, ile dawa ya homa na maumivu. Panadol ni parasetamoli, na Tylenol ya Marekani pia ni parasetamoli, ingawa huko jina lake rasmi ni asetaminofeni. Ikiwa safi ni unga mweupe wa fuwele, mchungu mdomoni, unaoyeyuka kwenye nyuzi joto 169 hivi za Selsiasi. Fomula yake ni C8H9NO2, yaani kaboni 8, haidrojeni 9, naitrojeni 1 na oksijeni 2. Moli moja ina uzito wa gramu 151.16.

Jina refu namna hii linasomwaje?

Anzia mwisho, kisha rudi nyuma. Majina ya kemia ya kaboni huweka shina mwishoni na nyongeza mbele.

Shina ni *asetamidi*. Asidi ya asetiki ndiyo inayoipa siki ukali wake. Ukiliondoa kundi la OH kwenye asidi hiyo na kuweka naitrojeni yenye haidrojeni mbili, unapata asetamidi, CH3CONH2. Ni molekuli ndogo, na yenyewe peke yake si dawa ya homa.

Kinachofuata ni *fenili*, yaani pete ya benzini yenye kaboni sita ambayo imepoteza haidrojeni moja ili ipate pa kuungania. Neno lenyewe linatokana na Kigiriki chenye maana ya kung'aa. Katika miaka ya 1830 mkemia Mfaransa Auguste Laurent alipendekeza benzini iitwe kwa shina hilo, kwa kuwa ilikuwa imepatikana kwenye mabaki ya gesi iliyotumika kuwashia taa. Jina la benzini halikubadilika, lakini fenili na fenoli zimebaki nalo mpaka leo.

*Haidroksi* ni kundi la oksijeni na haidrojeni, OH. Namba *4* inaonyesha kundi hilo limekaa kwenye kaboni ipi ya pete. Mabano yanafunga vitu hivyo vitatu viwe kipande kimoja: pete yenye OH kwenye kaboni ya nne. *N* ya mwanzoni inasema kipande hicho kimeshikana na asetamidi kwenye naitrojeni.

Ukiunganisha yote: ni asetamidi ambayo haidrojeni moja ya naitrojeni yake imeng'olewa, na mahali pake ikawekwa pete ya fenili iliyobeba OH upande wa pili. Mwanafunzi aliyeelewa sentensi hiyo anaweza kuichora molekuli bila kukariri picha yoyote.

N ya mwanzoni ina kazi gani? Mbona wengine wanaiacha?

Wanakosea, na kosa lenyewe si dogo.

Asetamidi ina sehemu mbili zenye haidrojeni zinazoweza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kitu kingine: kaboni ya pembeni (CH3) na naitrojeni (NH2). Pete ikikaa kwenye naitrojeni, hiyo ni parasetamoli. Ikikaa kwenye ile kaboni, jina linabadilika kuwa 2-(4-haidroksifenili)asetamidi. Hesabu atomu za kampaundi hii ya pili: kaboni 8, haidrojeni 9, naitrojeni 1, oksijeni 2. Fomula ni ileile na uzito ni uleule hadi desimali ya mwisho. Lakini hii haitumiki kushusha homa ya mtu. Viwandani ni malighafi ya kutengenezea atenololi, dawa ya shinikizo la damu.

Sasa fikiria mtu anayejaza fomu ya kuagiza kemikali, anaandika 4-hydroxyphenylacetamide, anaridhika. Ameagiza malighafi ya atenololi. Muuzaji hana kosa, maana ameleta kilichoandikwa.

Ukubwa wa herufi nao ni muhimu. N kubwa, ambayo kwenye vitabu huchapishwa kwa herufi za mlazo, ni naitrojeni. Ukiona n ndogo mbele ya jina, kama kwenye n-butani, maana yake ni mnyororo ulionyooka usio na matawi, na haihusiani na naitrojeni hata kidogo. Vivyo hivyo p ndogo ni para, ila P kubwa ni fosforasi. Programu za kuandikia zenye tabia ya kubadilisha herufi ya kwanza ya sentensi kuwa kubwa zimeshaharibu majina mengi kwa njia hii. Ni vizuri kurudia kusoma ulichoandika kabla ya kutuma.

Namba 4 imetoka wapi? Kwa nini isiwe 3 au 1?

Kaboni za pete huhesabiwa kuanzia ile iliyoshikana na naitrojeni. Hiyo ndiyo ya 1. Ukizunguka upande wowote ule, kaboni inayotazamana nayo moja kwa moja ni ya 4. OH iko hapo.

Zamani nafasi hizo zilikuwa na majina badala ya namba. Majirani wa kaboni ya kwanza, yaani ya 2 na ya 6, waliitwa *ortho*. Ya 3 na ya 5 *meta*. Ya 4 ni *para*. Ndiyo maana utakuta vitabu vya zamani, na hata vipya, vikiandika p-haidroksi badala ya 4-haidroksi. Mapendekezo ya mwaka 2013 ya IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia ulioanzishwa 1919, yanataka namba. Ila *para* haijafa, na kwa parasetamoli haiwezi kufa, kwani imo ndani ya jina lenyewe.

OH ikihamia kaboni ya 3 unapata metasetamoli. Inafanana sana na parasetamoli lakini haikuwahi kuwa dawa ya sokoni. Tutairudia hapa chini kwenye swali la sumu, maana tofauti ya nafasi moja tu kwenye pete ina mambo yake.

Kuna OH kwenye pete ya benzini. Hiyo si fenoli? Kwa nini jina haliishii na -oli?

Ni fenoli kweli, tena asidi dhaifu kama fenoli nyingine, yenye pKa (kipimo cha nguvu ya asidi; kikiwa kikubwa, asidi ni dhaifu) ya karibu 9.5. Tatizo ni kwamba molekuli hii ina makundi mawili yanayogombea mwisho wa jina, amidi na OH, na kanuni za IUPAC zina orodha ya ukubwa. Asidi ziko juu, zinafuata esta, kisha amidi. Baadaye huja aldehidi, ketoni, ndipo alkoholi na fenoli, halafu amini. Mkubwa hupewa kiambishi tamati, mdogo huwekwa mbele kama nyongeza. Amidi imeishinda fenoli, kwa hiyo OH ikawa *haidroksi* huku mbele.

Majina ya zamani hayakufuata ngazi hiyo, ndiyo sababu bado utaona 4-asetamidofenoli, ambalo limeipa fenoli ukubwa. Linaeleweka na halipotoshi, ila si jina la mapendekezo ya sasa.

Majina paracetamol, acetaminophen, Tylenol na APAP yametoka wapi?

Yote yamekatwa kutoka kwenye jina moja la zamani. Liandike hivi: para-acetylaminophenol. Chukua *para*, chukua *acet*, kisha *am*, malizia na *ol*: paracetamol. Sasa liandike kwa mpangilio mwingine uliokuwa ukitumika pia, N-acetyl-para-aminophenol. Chukua *acet*, *amino*, *phen*: acetaminophen. Kutoka humohumo chukua *tyl* ya acetyl na *enol* ya phenol: Tylenol. Na ukichukua herufi za mwanzo za vipande, N ikiachwa, unabaki na APAP, ufupisho unaoonekana sana kwenye lebo za dawa za Marekani.

Yaani majina manne yanayoonekana kama dawa nne ni vipande vya neno moja. Kwa maoni yetu huo ni ubunifu mzuri wa kutaja na balaa kwa mgonjwa.

Jina la kimataifa la dawa, linaloratibiwa na Shirika la Afya Duniani, ni paracetamol. Mfumo huo wa majina ulianzishwa kwa azimio la mwaka 1950 na kuanza kazi 1953, lengo likiwa kila kiambato kiwe na jina moja linalojulikana kote na lisilomilikiwa na kampuni. Kwa parasetamoli lengo hilo halikutimia, kwa kuwa Marekani, Kanada na Japani zimeendelea na acetaminophen.

Nimekuta pia 4'-hydroxyacetanilide, p-acetamidophenol na N-(4-hydroxyphenyl)ethanamide. Ni kitu kimoja?

Kimoja. La kwanza linachukulia *asetanilidi* (asetamidi yenye pete ya fenili kwenye naitrojeni) kama shina, na alama ndogo ya mkato juu ya 4 inasema namba hiyo ni ya pete. La pili tumeshaligusa. La tatu ni la vitabu vya shule vinavyopenda *ethanamidi* badala ya asetamidi, kama vile vinavyosema asidi ya ethanoiki badala ya asetiki. IUPAC imeruhusu asetamidi ibaki, na ndiyo inayopendekezwa, lakini mwalimu anayekataa ethanamidi kwenye mtihani anamwonea mwanafunzi.

Kuna njia ya kuhakikisha bila kutegemea majina?

Ipo: namba ya CAS (Chemical Abstracts Service, shirika la Marekani linalosajili kemikali). Kila kampaundi iliyosajiliwa hupewa yake, na ya parasetamoli ni 103-90-2. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, na unaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu. Iweke kando hiyo 2. Zilizobaki ni 1, 0, 3, 9, 0. Anzia kulia, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, na kuendelea:

0 × 1 = 0
9 × 2 = 18
3 × 3 = 9
0 × 4 = 0
1 × 5 = 5

Jumla ni 32. Tarakimu yake ya mwisho ni 2, sawa na ile uliyoweka kando, kwa hiyo namba imeandikwa sawasawa. Mtu akikosea tarakimu moja, mara nyingi hesabu inakataa. Ile malighafi ya atenololi inayofanana jina na parasetamoli ina namba 17194-82-0. Jumla yake ni 120, na mwisho ni 0 kama inavyotakiwa. Kwenye fomu ya kuagiza, namba hii ndiyo inayomwokoa mtu aliyesahau N.

Wanaotumia kompyuta wana pia mwandiko wa mstari mmoja unaoitwa SMILES. Wa parasetamoli ni CC(=O)Nc1ccc(O)cc1. Ukiutazama kwa makini utaiona asetamidi upande wa kushoto, naitrojeni katikati, pete kulia, na O ikiwa imefungwa kwenye kaboni ya nne ya pete.

Fomula C8H9NO2 haitoshi?

Haitoshi. Mbali na kampaundi tulizotaja, kuna methili 2-aminobenzoeti, yenye harufu ya zabibu. Hutiwa kwenye pipi na vinywaji kuleta ladha hiyo, na mashambani hupuliziwa kufukuza ndege. Nayo ni C8H9NO2, gramu 151.16 kwa moli.

Jina gumu namna hii halimaanishi kemikali ni hatari?

Hapana. Urefu wa jina unatokana na idadi ya vipande vya molekuli, basi. Sianidi ya haidrojeni ina jina fupi na inaua haraka. Vitamini B12 ina jina la kikemia linalojaza mistari kadhaa na bila hiyo mtu anaugua. Parasetamoli ina hatari yake, na inatokana na kiasi kinachomezwa.

Dawa moja imeandikwa paracetamol na nyingine acetaminophen. Naweza kuzitumia pamoja?

Usizitumie pamoja, maana ni dawa ileile na utakuwa unajiongezea dozi. Hapa ndipo kujua majina kunapotoka darasani.

Ajali ya kawaida haiji kwa mtu kumeza vidonge viwili vyenye jina moja. Inakuja hivi: mtu ana mafua, anakunywa dawa ya mafua ya unga. Kichwa kinauma, anameza vidonge vya maumivu. Usiku anakunywa dawa nyingine ya mafua ya kumsaidia kulala. Majina ya biashara ni matatu, rangi za boksi ni tatu, na ndani ya kila moja kuna parasetamoli. Kila boksi peke yake limetumika kama lilivyoelekeza, ila jumla imepita kiwango.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanganya dawa yoyote ya maumivu, mafua au homa, geuza boksi na utafute sehemu ya viambato. Yoyote kati ya haya ni kitu kimoja: paracetamol, acetaminophen, APAP, N-(4-hydroxyphenyl)acetamide. Dawa za maumivu makali za kuandikiwa na daktari, hasa zenye kodeini au haidrokodoni, mara nyingi nazo huchanganywa na parasetamoli.

Kiwango salama ni kipi?

Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi ya kawaida ni miligramu 500 hadi 1,000, kwa kupishana angalau saa nne, na jumla ya saa 24 isizidi gramu 4. Hiyo ni sawa na vidonge vinane vya miligramu 500, ukijumlisha vyanzo vyote. Mtu mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini, au mnywaji wa pombe wa kila siku anahitaji kiwango kidogo zaidi na ushauri wa mfamasia au daktari. Watoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja. Dawa za maji za watoto hutofautiana nguvu kati ya chupa na chupa, kwa hiyo kusema "kijiko kimoja" bila kusoma lebo hakutoshi.

Inaharibuje ini? Jina linasaidia kuelewa?

Linasaidia sana, na hii ndiyo sehemu tunayoipenda zaidi.

Ini huiondoa parasetamoli kwa kuibandika sukari au salfeti, kisha inatoka na mkojo. Sehemu ndogo, asilimia 5 hadi 10 hivi, hupita njia nyingine: vimeng'enya vinainyang'anya haidrojeni mbili, moja ya OH na moja ya naitrojeni. Kinachobaki kinaitwa N-asetili-p-benzokwinoni imini, kwa kifupi NAPQI. Lisome kama tulivyosoma lile la kwanza. Asetili bado ipo kwenye naitrojeni, p bado ipo, ila pete si fenili tena. Imekuwa kwinoni, umbo lenye njaa ya elektroni linalong'ang'ania chochote kilicho karibu.

Umbo hilo limewezekana kwa sababu naitrojeni na oksijeni zinatazamana kwenye pete, yaani kwa sababu ya ile 4. Metasetamoli, ambayo OH yake iko kwenye kaboni ya 3, haiwezi kugeuka kwinoni ya namna hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo namba iliyomo ndani ya mabano inaonyesha mahali pa OH na papo hapo inaonyesha sumu itakavyotengenezwa.

Kwa dozi ya kawaida NAPQI hudakwa na glutathioni, kinga iliyomo ndani ya seli za ini, na hakuna madhara. Dozi ikizidi mno, njia za sukari na salfeti zinajaa, NAPQI inaongezeka, glutathioni inaisha, na NAPQI inaanza kushika protini za ini lenyewe. Seli zinakufa.

Hatari kubwa ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza asihisi chochote zaidi ya kichefuchefu. Uharibifu hufika kileleni siku ya tatu au ya nne. Dawa ya kuzuia ipo, asetilisisteini, ambayo huupa mwili malighafi ya kutengeneza glutathioni upya, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu dawa ilipomezwa. Anayeshukiwa kuzidisha apelekwe hospitali mara moja, akiwa anajisikia vizuri au vibaya. Apelekwe na boksi.

Nasikia ni sumu kwa paka. Kweli?

Kweli kabisa. Paka hana uwezo wa kutosha wa kuibandika parasetamoli sukari ili aitoe, kwa hiyo hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nyoka nao ni dhaifu kwake: kisiwani Guam, miligramu 80 zilizowekwa ndani ya panya waliokufa hutumika kuwaua nyoka wa kahawia wa mitini, viumbe vamizi walioangamiza ndege wengi wa kisiwa hicho.

Nani aliitengeneza kwanza?

Mmarekani Harmon Northrop Morse alichapisha njia ya kuitengeneza mwaka 1878, lakini hakuna aliyeijali kama dawa kwa muda mrefu. Mwaka 1886 madaktari waligundua kwamba asetanilidi inashusha homa. Jina lake la kikemia ni N-fenilasetamidi. Ilishusha homa, ila iliharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na wagonjwa wengine wakageuka rangi ya bluu. Ikafuata fenasetini, N-(4-ethoksifenili)asetamidi, iliyotumika miongo mingi hadi ilipohusishwa na uharibifu wa figo; Marekani iliondolewa sokoni mwaka 1983.

Yatazame majina hayo mawili na la parasetamoli kwa pamoja. Shina ni lilelile, N ni ileile, pete ni ileile. Tofauti iko kwenye kaboni ya nne tu: haina kitu, ina ethoksi (kundi la OC2H5), au ina haidroksi. Mwaka 1948 Bernard Brodie na Julius Axelrod walionyesha kwamba mwili huigeuza asetanilidi kuwa parasetamoli, na kwamba parasetamoli ndiyo iliyokuwa ikituliza maumivu. Fenasetini nayo hupita njia hiyohiyo mwilini. Kwa hiyo watu walikuwa wakinufaika na parasetamoli kwa miongo kadhaa bila kuimeza. Tylenol iliingia sokoni Marekani mwaka 1955, na Panadol Uingereza 1956. Axelrod alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1970, ingawa kwa kazi nyingine.

Ujuzi huu wa kusoma majina unafaa kwa dawa nyingine?

Jaribu ibuprofeni. Jina lake la kikemia, kwa tahajia ya kimataifa, ni 2-(4-isobutylphenyl)propanoic acid. Chukua *i* na *bu* za isobutyl, *pro* ya propanoic, halafu *phen* iliyoandikwa fen. Mwisho wa jina ni asidi badala ya amidi, na pete imekaa kwenye kaboni ya 2 ya shina badala ya kwenye naitrojeni. Hiyo inatosha kukuambia kwamba si ndugu wa karibu wa parasetamoli, na kweli kazi zake mwilini ni tofauti: ibuprofeni hupunguza uvimbe, parasetamoli hupunguza kidogo sana.

Kuna kanuni gani za kuliandika?

Hakuna nafasi popote ndani yake: si baada ya kistari, si kati ya mabano na asetamidi. Kistari kimoja baada ya N, kimoja baada ya 4. Mabano hayaachwi. Jina halianzi kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, isipokuwa hiyo N ambayo ni alama. Ukiliandika kwa tahajia ya Kiswahili kama tulivyofanya hapa, namba, vistari na mabano hubaki palepale.

Kwenye orodha ya alfabeti nilitafute chini ya herufi gani?

Si N. Alama za nafasi, yaani N, namba, p na wenzake, hazihesabiwi kwenye upangaji. Orodha nyingi za kemikali zitaliweka kwenye H, kwa ajili ya hydroxyphenyl. Faharasa za CAS huligeuza na kuanza na shina, zikaandika Acetamide, N-(4-hydroxyphenyl)-, kwa hiyo humo litafute kwenye A. Na kwenye orodha ya dawa, badala ya kemikali, nenda moja kwa moja kwenye P, au kwenye A kama orodha imetoka Marekani.